Makocha na wachezaji wakiingia kwenye picha: nani acheze nini?

Mwandishi wa Temeke

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Temeke kinajiandaa kurekodi vichekesho vifupi ambamo makocha na wachezaji wa mpira wanaingizwa ndani ya filamu za aina tunazozijua sote: picha ya kareti, picha ya Kihindi, picha ya kijasusi, filamu ya Kinaijeria yenye sehemu ya kwanza na ya pili, na filamu ya Kibongo yenye ugomvi wa familia. Waigizaji ni sisi wenyewe. Tunachotaka kuiga ni mwenendo wa mtu na tukio linalojulikana, ili mtazamaji amtambue mhusika kabla hajatajwa.

Wazo hili limezaliwa kwenye kibanda umiza. Aliyekulia uswahilini anajua kwamba chumba kile kile kinachofurika mwishoni mwa wiki kwa ajili ya Ligi Kuu ya Uingereza ndicho kinachoonyesha filamu zilizotiwa maneno ya Kiswahili siku za katikati ya wiki. Kibao cha nje kilichoandikwa kwa chaki hakibagui: mstari wa juu unasema Arsenal na Chelsea, mstari wa chini unasema picha ya kivita, kiingilio hakibadiliki, na watoto wanaokaa chini mbele ya televisheni ni wale wale. Ndiyo maana watazamaji wetu huuzungumzia mpira kama picha yenye steringi (yaani mhusika mkuu), adui na msaliti, na huiamulia picha kama wanavyoiamulia mechi, wakimlaumu steringi kwa kuchelewa kuruka dirishani. Orijino Komedi walituonyesha kwamba kumwiga mtu mkubwa mbele ya Watanzania kunaweza kuwa kazi ya sanaa inayosubiriwa wiki nzima, lakini kuunganisha mpira na filamu kwa umakini wa namna ile bado naona ni shamba ambalo halijalimwa.

Tatizo ni kwamba mapendekezo mengi tunayopewa mtaani yanaishia kwenye maumbile ya watu: huyu ana upara, yule mfupi, yule alikosa penalti na akalia. Hayo ni masimango, na mtazamaji akishacheka mara moja hana sababu ya kuendelea kutazama. Naombeni basi anayejibu ataje tukio la kweli, aeleze ni aina gani ya filamu inayolifaa, na aseme kicheko kinatoka wapi hasa.

Mzee wa Magomeni

Marahaba, kijana wangu. Mimi ni wa kizazi kilichomsikiliza Lufufu akisimulia picha kwa Kiswahili, na nilichokipenda kwake ni kwamba hakuwa akimdharau steringi. Alimpa Kiswahili, alimsindikiza katika shida zake zote, na sisi tukacheka kwa sababu mambo ya ajabu yalikuwa yakisimuliwa na mtu aliyeyachukulia kuwa ya kweli kabisa. Mkilishika hilo, kazi yenu imefika nusu.

Kwa picha ya kareti watu wengi watakimbilia teke la Eric Cantona wa Manchester United, na mimi nawashauri msiliigize. Tarehe 25 Januari 1995, katika uwanja wa Selhurst Park, Cantona alitolewa kwa kadi nyekundu, na alipokuwa akitoka aliruka kwa mguu na kumpiga shabiki wa Crystal Palace aliyekuwa akimtolea maneno. Mtu kupigwa si kichekesho, na teke lenyewe kila mtu amekwisha kuliona. Tazameni kilichofuata: alifungiwa hadi mwisho wa Septemba, na mahakama ikamwamuru kutumikia jamii kwa saa 120, adhabu ambayo aliitumikia kwa kuwafundisha watoto mpira. Katika kila picha ya kareti kijana mkosefu hupelekwa mlimani kwa mwalimu mwenye ndevu nyeupe, akachote maji na kufagia ua miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kukunja ngumi. Hapa hakimu amefanya kinyume: amemchukua mkosefu akamfanya ndiye mwalimu. Mpeni kola iliyosimama, mpeni watoto wa shule ya msingi waliokaa mistari mitatu kwa nidhamu, na kila mtoto awe anajua alichokifanya lakini anaogopa kuuliza. Mwalimu anafundisha pasi fupi za ndani ya mguu kwa upole usio na kifani. Watoto wanasubiri teke, na teke haliji. Mmoja mdogo kabisa ananyoosha mkono, mwalimu anamtazama kwa muda mrefu, kisha anasema: "Pasi. Tunafundishana pasi."

Baada ya hapo mleteni René Higuita, kipa wa Kolombia, kama bingwa mgeni anayekuja na mtindo uliopotea. Picha zile zina mtindo wa nyoka, wa korongo na wa mlevi. Yeye ana mtindo wa nge. Tarehe 6 Septemba 1995, Wembley, Uingereza ikicheza mechi ya kirafiki na Kolombia, Jamie Redknapp alipiga mpira uliokuwa ukielekea golini taratibu, na Higuita, badala ya kuudaka, akajirusha mbele na kuuokoa kwa nyayo za miguu yote miwili ikiwa juu ya mgongo wake. Mpira ule ungedakwa na kipa yeyote wa mchangani, na kicheko kimelala hapo. Katika picha yenu bingwa huyu afanye kila kitu kwa mtindo wa nge: apokee kikombe cha chai kwa nyayo, afunge mlango kwa nyayo, na mwalimu Cantona amuulize kwa heshima kwa nini hatumii mikono. Bingwa asiwe na jibu, kwa sababu hajawahi kulifikiria swali hilo.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: mwigizaji asicheke, hata kwa pembe ya mdomo.

Dada wa Sinza

Shikamoo mzee, umenifungulia njia. Mimi nasimamia picha ya kijasusi, na nina hakika hakuna tukio katika historia ya mpira linaloifaa kuliko kapu la José Mourinho.

Kwa wasiolikumbuka, mwaka 2005 UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, ilimfungia Mourinho, akiwa kocha wa Chelsea, katika mechi mbili za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Bayern Munich. Hakutakiwa kukaa benchi wala kuwa na wachezaji chumbani. Miaka mingi baadaye alisimulia mwenyewe kwamba siku ya mechi ya London aliingia katika chumba cha kubadilishia nguo mapema mchana, kabla ya watu kufika, na kwamba kutoka ndiko kulikokuwa na mtihani: alitolewa ndani ya kapu la nguo chafu lililokuwa likisukumwa na mtunza vifaa. Kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi kidogo apate hewa. Walipotokea watu wa UEFA, mtunza vifaa akalifunga, na kocha akabaki humo akitafuta pumzi. Chelsea walishinda 4-2.

Sasa, vikundi vingi vingemweka Mourinho mbele ya kamera muda wote, kwa sababu ndiye mwenye jina. Mimi nasema steringi wa picha hii ni mtunza vifaa. Kocha ana akili, ana majivuno, ana koti refu la thamani, lakini akishaingia kapuni hana uwezo wa chochote. Maisha yake yote yako mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni soksi. Mtu huyo hakufundishwa ujasusi. Ana orodha ya fulana za kuhesabu, ana magurudumu yanayopiga kelele, na njiani anakutana na kila mtu anayetaka kusimama kuzungumza naye siku hiyo hiyo.

Ningeomba sehemu kubwa irekodiwe kutoka ndani ya kapu. Mwanga mwembamba unapita kwenye upenyo wa kifuniko, soksi mbichi imelala begani mwa lile koti, na tunasikia gurudumu moja likiburuza sakafuni. Kifuniko kinafungwa. Skrini inakuwa nyeusi kabisa, na tunabaki na sauti tu: "Habari za kazi, bwana?" "Nzuri, napeleka nguo kwa dobi." "Nguo nyingi leo." "Walicheza sana." Kisha kimya kirefu, na ndani ya kile giza sauti ya mtu anayejizuia kupiga chafya. Iacheni giza hiyo idumu kuliko mhariri wenu atakavyotaka.

Marcelo Bielsa, aliyekuwa kocha wa Leeds United, awe mkuu wa idara ya ujasusi katika picha hiyo hiyo. Januari 2019 mfanyakazi wa Leeds United alikutwa na polisi nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County, siku moja kabla timu hizo hazijakutana. Katika picha yoyote ya kijasusi, jasusi akikamatwa mkuu wake husema hamfahamu. Bielsa alikiri kwamba ni yeye aliyemtuma, kisha akawaita waandishi wa habari, akazima taa, akawasha skrini na kuwaeleza kwa zaidi ya saa nzima jinsi anavyomchunguza kila mpinzani, akionyesha kwamba timu zote za msimu ule alikwisha kuzipeleleza. Leeds ilipigwa faini ya pauni 200,000. Hebu fikirini adui amemfunga mkuu wa majasusi kwenye kiti ili amtese aseme siri, naye anaomba tu awekewe projekta. Watesaji wanaandika, wanachoka, mmoja anasinzia, naye bado yuko kwenye mechi ya pili ya msimu. Na bila shaka akae juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa pembeni mwa uwanja.

Mtazamaji wa Tabata

Nakubaliana na dada kuhusu mtunza vifaa, ila naomba kuongeza kwamba kuna wachezaji ambao hawafai kuigizwa kwa vituko hata kidogo, na bado mnawahitaji. N'Golo Kanté ni mmoja wao. Alishinda ligi na Leicester City mwaka 2016, kisha na Chelsea mwaka 2017, kisha Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 2018, na watu wakaendelea kumwona akija mazoezini na gari dogo aina ya Mini. Mtu wa namna hiyo muwekeni katikati ya wenye vituko awe ndiye pekee anayejibu maswali kwa akili timamu. Mbwana Samatta naye ningemwomba mwandishi amheshimu vivyo hivyo. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyefunga kwa kichwa Wembley tarehe 1 Machi 2020 katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa Aston Villa walifungwa 2-1, apewe nafasi ya mtu anayeingia ndani ya picha, anaona kila mtu amepagawa, na anauliza kwa Kiswahili cha nyumbani: "Jamani, kuna nini hapa?"

Mpenzi wa filamu za Kinaijeria, Kinondoni

Wakuu, mmemsahau Peter Odemwingie, ambaye kisa chake ni filamu ya Kinaijeria iliyokamilika, na mwenyewe ni Mnaijeria.

Tarehe 31 Januari 2013, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, Odemwingie alikuwa mchezaji wa West Bromwich Albion na Queens Park Rangers walimtaka. Aliwasha gari akaenda London mpaka uwanja wa Loftus Road, lakini klabu mbili zilikuwa hazijaelewana, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia. Kamera za televisheni zilimkuta ndani ya gari lake, dunia nzima ikamtazama akisubiri, dirisha likafungwa, naye akarudi kwa timu yake ile ile.

Namwonea huruma mtu huyu, na nadhani vichekesho vyenu vitamfaa mkimwonea huruma pia. Aliamini kwamba mambo yamekwisha. Mtu aliyewahi kuambiwa na mwajiri "njoo Jumatatu na vyeti vyako halisi", akavaa shati la pasi, akapanda daladala mbili, na kukuta mlinzi hana jina lake kwenye daftari, anaijua hali ile mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo adui asiwe mchezaji wala klabu. Msiweke adui kabisa. Pale getini mwekeni mlinzi mwenye adabu nyingi, anayempa maji ya kunywa, anayemsifu kwa magoli yake, na ambaye kila baada ya dakika tano anarudi kumwambia kwamba bado hajapigiwa simu.

Uzuri wa filamu za Kinaijeria ni kwamba familia nzima huingia kwenye habari ya mtu mmoja. Nyumbani mama amekwisha kupika kwa ajili ya majirani, mchungaji amekwisha kutoa unabii wa nyumba mpya London, na mjomba amesafiri kutoka kijijini na mabegi yake tayari kuhamia kwenye chumba cha wageni. Simu zote zinapigwa ndani ya gari lile. Sehemu ya kwanza iishe geti likiwa limefungwa, muziki wa huzuni ukipanda, na maandishi makubwa yakitutaka tusubiri sehemu ya pili. Sehemu ya pili ianze kwenye geti lile lile, gari lile lile, na mlinzi akija na maji.

Mama wa Mbagala

Wanangu, mmezunguka Ulaya yote wakati hapa Kariakoo kuna filamu mbili zinazotusubiri.

Ya kwanza ni ya kutisha. Sote tunajua kwamba Bodi ya Ligi imekuwa ikizitoza faini klabu zetu, Simba na Yanga zikiwemo, kwa kosa la kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, na sote tunajua imani inayowafanya wauogope ule rasmi. Sitaki tuingie kwenye mambo ya waganga na makafara, kwa sababu yamechezwa mpaka yamechosha. Nataka kumwona mtu mmoja tu, mhudumu aliyepangiwa kukaa mlango rasmi wa Uwanja wa Mkapa siku ya dabi. Viti 60,000 vimejaa, vuvuzela zinalia, naye amefagia, amefungua kufuli, amenyoosha sare yake, na hakuna anayepita. Basi la kwanza linakuja, linapunguza mwendo, linamtazama, linaondoka. La pili vile vile. Kila mara kamera inaurudia mlango huo kwa ule muziki wa nyumba yenye mizimu, na mlango wenyewe ni mlango wa kawaida, wenye bawaba zilizotiwa grisi vizuri. Mpaka kipindi cha kwanza kinakwisha, aliyepita hapo ni paka, naye mhudumu amemwandika kwenye daftari.

Ya pili ni ya Kibongo, ya familia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kwa hiyo ni kaka na mdogo wake waliopishana mwaka mmoja, kila mmoja na nyumba yake, mmoja Jangwani na mwingine Mtaa wa Msimbazi, na kila nyumba ina shangazi mwenye sauti. Mkwe, yaani mchezaji, anaolewa nyumba hii, anahamia ile. Bernard Morrison alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 katikati ya mzozo wa mkataba, na mwaka 2022 akarudi Yanga. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, aliyeimbwa Msimbazi kwa miaka, alivuka kwenda Jangwani mwaka 2024. Nataka tuone sebule. Kwenye ukuta kuna picha ya mkwe katika fremu, na shangazi anaifuta vumbi kila asubuhi kwa upindo wa kanga yake huku akimsifu. Habari inafika. Shangazi hasemi neno. Anaigeuza fremu itazame ukuta, anarudi kuketi, anainuka tena, anaitoa kabisa, na pale ilipokuwa imebaki alama nyeupe ya mraba kwenye rangi ya ukuta iliyofifia. Nyumba ya pili shangazi mwenziwe anapigilia msumari. Miaka miwili baadaye fremu inarudi, na msumari wa zamani bado upo.

Mshenga wa familia hizi ni Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na mwaka 2021 akahamia Yanga. Mwanamume yule hakaukiwi maneno, na mwigizaji wenu atapaswa kuwa na pumzi. Asimame barazani kwa kaka amwage sifa za nyumba ile, avuke barabara, na kwa ufasaha ule ule aanze kumwaga sifa za nyumba ya pili bila hata kunywa maji katikati.

Jambo moja nawasihi kwa dhati: mizani isiegemee. Mkiiweka 5-0 ya Simba ya Mei 2012, na 5-1 ya Yanga ya Novemba 2023 iwemo katika filamu hiyo hiyo na ipewe muda ule ule. Nyumbani kwangu mashabiki wa pande zote mbili wanakula meza moja, na nataka wacheke wote.

Kijana wa Mbezi

Shikamoo mama. Picha ya Kihindi nayo msiiache. Fiston Mayele alipokuwa Yanga, kabla ya kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, kila goli lake lilifuatwa na kutetema, ule mchezo wake wa kushangilia, na uwanja mzima ukatetema naye. Katika picha ya Kihindi wimbo huja bila kubisha hodi: goli likiingia watokee wacheza ngoma hamsini kutoka nyuma ya miti, wauza karanga watetemeke, mwamuzi wa pembeni atetemeke na kibendera chake, na beki aliyekuwa akimkaba ajikute katikati ya mstari akicheza vizuri kuliko wote, huku kocha wake akimtazama kwa uchungu wa baba aliyesalitiwa.

Fundi wa picha, Mikocheni

Naandika kuhusu upande wa kazi, maana mawazo ni mazuri na sitaki yakwame. Filamu nchini zinasimamiwa na Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kwa hiyo mwandishi aende akaulize mapema kuhusu kibali na asingoje mpaka kazi imekwisha. Pili, ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Msichomeke vipande vya mechi za Ligi Kuu ya hapa nchini, kwa sababu haki ya kuzirusha ni ya Azam, na msiweke wimbo wa msanii bila ridhaa yake. Kwa ile ngoma ya kutetema tungeni mdundo wenu, na mchezo wenyewe utatosha kumtambulisha mtu. Nembo za klabu nazo ziacheni. Njano na kijani kwa upande mmoja, nyekundu na nyeupe kwa upande mwingine, na hakuna Mtanzania atakayeuliza ni akina nani.

Kuhusu mpangilio, mngeanza na kapu. Linahitaji chumba kimoja, korido moja na watu watatu, na ile giza haina gharama yoyote. Kwa magurudumu, msitegemee sauti ya siku ya kurekodi. Irekodini peke yake usiku, sehemu tulivu, maana mtazamaji atakuwa na sikio tu kwa muda mrefu. Filamu ya Mayele iwe ya mwisho, kwa sababu watu hamsini wanataka nauli na chakula.

Mwandishi wa Temeke

Nawashukuru sana wakubwa na wenzangu. Naona mtunza vifaa, mlinzi wa geti na mhudumu wa mlango wote watatu wameshika filamu kuliko wenye majina, na tumekubaliana kikundini kwamba mwigizaji mmoja awacheze wote, ili watazamaji waanze kumsubiri katika kila kipande. Tunaanza na kapu kama fundi alivyoshauri, kisha sebule ya mama wa Mbagala.

Nimebakiwa na swali moja kwa mzee wa Magomeni. Wenzangu wanataka tuweke juu ya picha sauti ya msimulizi kama zile za kwenye kibanda umiza. Je, sauti hiyo haitaua ile kimya ya ndani ya kapu?

Mzee wa Magomeni

Iwekeni, ila msimulizi wenu asijue mpira. Asiwahi kusikia jina la Mourinho wala la Chelsea. Yeye amewekewa picha mbele yake kama picha nyingine yoyote, na anatueleza anachokiona: kwamba tajiri mmoja amejificha ndani ya nguo chafu, kwamba anamkimbia nani hatujaambiwa, na kwamba kijana anayelisukuma kapu lile ana moyo wa kishujaa. Kamwe asitaje mechi. Kifuniko kikifungwa na skrini ikawa nyeusi, naye anyamaze, kwa sababu hana cha kusimulia kwa kuwa haoni. Akae kimya sawasawa na sisi, na mwanga ukirudi aanze na neno moja tu: "Yupo."